Idara Iliyoitika Kabla ya Kuitwa

Jumanne asubuhi, saa moja na nusu kamili, Msimamizi wa idara ya tatu alifungua daftari la mahudhurio, akaita jina la kwanza, na aliyeitwa hakuitika.

Aliyeitwa alikuwa amekaa hatua nne mbele yake. Alikuwa Kola, baba wa watoto watatu, mshonaji wa kola za mashati ya wanafunzi, mtu ambaye mdomo wake haufungiki hata akiwa amebana pini nane kwa meno. Siku hiyo aliufunga kama aliyemeza dawa chungu, akamtazama Msimamizi, akapunga mkono.

"Kola," Msimamizi akarudia.

Kola akapunga mikono yote miwili.

"Sijakwambia ufukuze nzi. Nimeita jina. Sema kama upo."

Kola akatikisa kichwa.

Msimamizi akaenda jina la pili. Mama Pacha, mshonaji wa mapindo ya sketi, akainama chini ya mashine yake kana kwamba anatafuta kitu. Jina la tatu, Babu Zipu, mkubwa kwa umri kuliko wote idarani, akajifanya kiziwi, ugonjwa ambao Jumatatu hakuwa nao. Ikawa hivyo mpaka chini ya ukurasa. Watu thelathini na wanne, kila mmoja kwenye kiti chake, uzi umeshapita kwenye tundu la sindano, na aliyefungua mdomo ni mmoja tu, fundi wa mitambo wanayemwita Grisi.

"Nipo, kwani nimekufa?" alisema Grisi, akabeba spana zake akatoka kwenda kutengeneza pampu ya idara ya rangi.

Alipotoka, wanawake wawili wa vifungo wakashikana mikono.

Sasa mtu atauliza: kama aliwaona wote, si angetia alama tu kazi iendelee? Asingeweza. Miaka sita nyuma Msimamizi alikuwa akitia alama kwa macho, na kwa macho hayo hayo akalitia alama koti. Lilikuwa koti la mkata vitambaa mmoja, limevalishwa kiti vizuri, mabega yamekaa sawa, na mwenyewe yuko kwa wakwe zake, safari ya mbali. Koti lilihudhuria kazini siku kumi na moja mfululizo bila kuchelewa hata mara moja. Siku ya kumi na mbili Meneja alipita, akaliuliza swali, likakaa kimya. Ndipo ikaandikwa barua na kubandikwa ndani ya jalada la daftari: kila aliyemo chumbani wakati wa hesabu ahesabiwe, na mtu hahesabiwi mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yupo. Msimamizi aliisoma barua ile kila asubuhi kabla ya kuita, na kila asubuhi masikio yalimwaka moto.

Na wiki hii haikuwa wiki ya utani. Ijumaa Meneja angekuja na fomu yake ya ukaguzi. Idara ambayo daftari lake lingeonyesha watu pungufu ya thelathini ingevunjwa na kuwekwa chini ya idara ya soksi, ng'ambo ya uwanja. Na msimamizi wa soksi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mfupi anayevaa filimbi shingoni hata kwenye harusi. Shemeji huyo alishaanza kumfariji.

"Usijali, shemeji," alimwambia Jumapili mbele ya familia nzima. "Kwangu utapata kazi nyepesi. Utakuwa unatafuta wenza wa soksi."

Mkewe alicheka. Wanawe walicheka. Mama mkwe alicheka mpaka akapaliwa. Msimamizi alikwenda kulala akiona milima ya soksi. Miaka kumi na tisa ya kazi, tangu enzi za kufagia nyuzi chini ya meza, halafu aje apigiwe filimbi na shemeji! Bora kazi ya kulinda makaburi.

Kilichowafunga watu midomo kilikuwa kitabu.

Mama Pasi, kiongozi wa wapiga pasi, alikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Alitaka kitu cha kuweka chini ya mguu wa meza yake inayoyumba. Ilikuwa katuni ya zamani ya Kijapani, ya kutisha, nene kama tofali. Jalada lilishachanika likaisha, mtu akakivalisha karatasi ya kaki pande zote mbili, bila neno lolote juu yake. Ndani, mtu mwingine mwenye subira ya ajabu alibandika vipande vya karatasi juu ya maneno ya Kijapani na kuandika Kiswahili kwa wino. Kitabu chenyewe kilisomwa kwa kuanzia upande ambao sisi tunauita nyuma. Kurasa zilikwenda kinyume, na hata picha ndani ya ukurasa zilianzia kulia kwenda kushoto. Muuzaji alimweleza Mama Pasi, Mama Pasi akawaeleza wenzake, na baada ya siku mbili wote walikuwa wamezoea. Mguu wa meza ukaendelea kuyumba.

Hadithi yake ndiyo hii. Wanafunzi arobaini na mmoja wanaagana na mama zao getini, wanapanda hadi darasa lao ghorofa ya tatu. Kengele ya kurudi nyumbani inapolia, wanashuka ngazi na kujikuta ghorofa ya tatu. Wanashuka tena, ghorofa ya tatu. Nje ya madirisha kuna weupe mtupu. Wamekwama, wao na mwalimu wao. Mwalimu, ili asirukwe na akili, anaita majina kila asubuhi. Anaita jina, mtoto anasema "Nipo!", na picha inayofuata dawati lake ni tupu. Hakuna damu wala zimwi, mtoto hayupo tu. Kesho anaita tena, mwingine anaitika, mwingine haonekani. Mpaka picha ya mwisho kabisa: mwalimu peke yake katika darasa tupu, daftari mkononi, amegeuza uso anamtazama msomaji, na mdomo wake umeanza kufunguka.

Mama Pasi alipofika pale alitupa kitabu kwenye ndoo ya maji, akakitoa, akakikausha kwa pasi, akampa mwenzake.

Basi kila saa ya chakula idara ya tatu iligeuka mahakama. Babu Zipu alisema watoto wale hawakuwa na adabu tangu mwanzo, hakuna hata mmoja aliyemwamkia mwalimu, sasa walitegemea nini? Mama Pacha hakujali nani kapotea. Yeye alitaka kujua walikuwa wanakula nini siku zote hizo, nani anapika, nani anaosha vyombo, na alipokosa jibu akasema aliyechora ni mwanamume, inaonekana. Kola alisema angekuwa yeye angemnyang'anya mwalimu daftari alile.

"Ulile?"

"Kurasa zote. Na kamba yake."

Grisi alisoma kitabu kizima akitazama ngazi tu. Uamuzi wake ulikuwa kwamba zimefungwa kinyume, uzembe wa fundi, na angepewa siku moja na mtu wa kumshikia taa angezinyoosha. Wale wanawake wa vifungo walisoma pamoja, mmoja akifumba macho na mwingine akimsimulia picha, kisha wanabadilishana, kwa hiyo kila mmoja aliogopa nusu ya kitabu. Kuna mpiga pasi mmoja aliyekirudisha kabla ya mwisho akisema ana shinikizo la damu, halafu kila baada ya robo saa akauliza, "Yule wa misuko miwili bado yupo?"

Ndipo mtu mmoja, na mpaka leo kila mtu anasema si yeye, akaguna na kusema: mbona mwalimu yule anafanana na Msimamizi?

Wakakimbilia kitabu. Shati lililofungwa hadi kifungo cha kooni, kalamu juu ya sikio, upara unaong'aa upande mmoja, daftari jeusi. Lahaula! Kuanzia siku hiyo wakamwita Mwalimu.

Msimamizi, masikini, alipenda. Aliacha shule darasa la tano, baba yake alipovunjika mguu na nyumba ikahitaji mtu wa kubeba mizigo, na hakuna mtu duniani aliyewahi kumwita Mwalimu. Kwa wiki mbili aliitikia "Shikamoo, Mwalimu" kwa sauti nzito. Alianza kutembea mikono nyuma. Nyumbani alimsahihisha mkewe namna ya kushika kijiko.

Kwa wenzake ulikuwa utani wenye hofu kidogo, mpaka Jumatatu waliposikia kwamba idara nzima inaweza kupotea kwa sababu ya daftari lile, na utani ukaisha. Turudi Jumanne. Pampu ya rangi ilimsumbua Grisi, akakaa huko zaidi ya saa mbili. Idara ya tatu ilijua kilichotokea: ameitwa, ameitika, hayupo. Aliporudi saa nne, mikono ya kijani hadi kwenye viwiko, Mama Pacha alipiga ukunga. Babu Zipu alimzuia mlangoni akamuuliza jina la mama yake mzazi. Mmoja wa wale wa vifungo alimfinya kuona kama ana nyama. Mbaya zaidi, chakula chake kilishaliwa.

"Nani kala chakula changu?"

"Tulikigawana," Kola akakiri. "Kwa heshima."

Jumatano Msimamizi alipofungua daftari, hata Grisi alinyamaza. Daftari likaandika sifuri. Mashine zilikuwa zinanguruma, pasi zinatoa mvuke, mashati mia mbili yamekunjwa kabla ya saa tano, yote yakiwa kazi ya watu ambao kwa maandishi hawakuwepo.

Mchana huo huo shemeji wa soksi akaja na futi ya kupimia. Akapima ukuta wa dirishani, akapima ukuta wa mlangoni, akapima na Msimamizi mwenyewe kwa macho.

"Nasikia huna watu, shemeji."

"Hawa unaowaona ni nini?"

"Mimi naona watu. Daftari je?"

Akapuliza filimbi kidogo, ya majaribio, akaondoka. Msimamizi akahisi maji yamemfika shingoni. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi, maana Mama Pasi ni mwanamke asiyejua kuzunguka.

"Mama Pasi, nimewakosea nini?"

"Hujatukosea."

"Basi kwa nini hamniitikii?"

Mama Pasi akaisimamisha pasi. "Kwa sababu ukituita tukaitika, tunapotea."

"Mnapotea wapi?"

"Kama wale watoto wa kitabuni. Wewe ndiye mwalimu wao. Sasa unafikiri Mwalimu, Mwalimu, tulikuwa tunakusifia?"

Msimamizi alisimama pale mvuke ukimpanda usoni. Kupoteza idara kulimuuma. Kupoteza jina la Mwalimu kulimuuma mahali pengine kabisa, pa ndani, ambapo hakujua kama bado pana kitu.

"Nipe hicho kitabu," akasema.

Mama Pasi akakitoa chini ya rundo la nguo. "Lakini sikiliza, Msimamizi, hiki kinafunguliwa..."

"Unanifundisha kufungua kitabu?"

"Sikufundishi, nasema tu kinaanzia..."

"Mama! Niliacha shule darasa la tano, sikuacha chekechea. Kitabu kinaanzia mwanzo."

Mama Pasi akakunja midomo. Akachukua pasi yake akaendelea na suruali, na suruali ile siku hiyo ilipigwa pasi kwelikweli.

Alhamisi, baada ya kuita majina na kupata sifuri nyingine, Msimamizi alijifungia stoo ya vitambaa. Akakaa juu ya marobota ya bluu, akafuta mikono kwenye suruali, akafungua kitabu kutoka kushoto, kama mtu yeyote anavyofungua kitabu chochote.

Ukurasa wa kwanza akamkuta mwalimu. Peke yake, katika darasa tupu, amemgeukia yeye, mdomo wazi, kama mtu anayeomba msaada. Msimamizi akashtuka. Alimfahamu. Ndivyo alivyokuwa yeye Jumatano.

Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno, akienda kushoto kwenda kulia, ukurasa kwa ukurasa. Dawati tupu. Halafu sauti: "Nipo!" Halafu tazama, mtoto wa kike wa misuko miwili ametokea kwenye dawati, na mwalimu analiita jina lake! Ukurasa unaofuata, dawati jingine tupu, "Nipo!", mtoto mwingine. Wakawa wawili, wakawa watano. Kila asubuhi mwalimu anasimama na daftari lake, hakati tamaa, na kila asubuhi mtoto mmoja anarudi kutoka huko alikokuwa, anasema yupo, na mwalimu anamwita kwa jina ili abaki. Watoto wanaoanza kwa kulia wanaishia kucheka. Darasa linajaa. Weupe wa madirishani unafunguka, ngazi zinanyooka, wanashuka wote arobaini na mmoja, kinyumenyume kidogo lakini wanashuka, na getini mama zao wanawasubiri.

Msimamizi alilia juu ya marobota. Alilia kama alivyolia siku alipoacha shule, bila sauti, pua ndiyo inayofanya kazi. Hakuwahi kumaliza kitabu maishani. Na kitabu chake cha kwanza kukimaliza kilikuwa kinamhusu yeye.

Saa tisa alitoka stoo, macho mekundu, kitabu kimekumbatiwa kifuani. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Nimekisoma," akasema.

Watu wakatazamana. Babu Zipu akavua miwani. "Basi umeelewa, mwanangu."

"Nimeelewa, Babu. Sijaona mwalimu mwenye moyo kama yule."

Mmoja wa wale wa vifungo akatafuta mkono wa mwenzake.

"Moyo?" akauliza Kola.

"Moyo! Alianza hana mtu. Hana hata mmoja! Lakini alihakikisha kazi inafika mwisho, mtoto kwa mtoto, hakuacha hata mmoja. Na mimi nawaahidi mbele ya Mungu, nitakuwa kama yeye. Sitamwacha hata mmoja wenu."

Mama Pacha akakaa chini, ingawa nyuma yake hakukuwa na kiti.

"Amekuwa yeye," Kola akanong'ona. "Jamani, amekuwa yeye kabisa."

"Na mwisho wake," Msimamizi akaendelea, sauti ikimkatika, "mwisho wake nimelia. Nilifurahi mno."

"Alifurahi," akasema yule mwenye shinikizo la damu, akaomba maji.

Msimamizi akajua hawajamwelewa, lakini alizoea kutoeleweka. Akapanda juu ya boksi la nyuzi. Akasema amegundua kosa, na kosa ni lake. Miaka yote hii amekuwa akiita kwanza, watu wanaitika baadaye. Mwalimu yule hakufanya hivyo hata siku moja. Kwake mtu husema kwanza kwamba yupo, ndipo anaitwa. "Kesho, Meneja akija, tutafanya kama kitabuni. Wewe sema upo. Ukishasema, nitakuita, nitatia alama, basi. Asiyetaka kusema, simwiti."

Akashuka, akaenda kunawa uso.

Idara ikabaki inapepesa macho. Hakuna aliyeelewa amesoma kitabu gani. Mama Pasi ndiye aliyebaini. Alikipokea kitabu, akaona alama za kidole chenye chaki ya kupimia, nzito ukurasa wa mwisho na kufifia kuelekea wa kwanza, akakigeuza, akakigeuza tena, akaweka kiganja mdomoni.

"Amekisoma kwa nyuma," akasema. "Kwa mbele. Kwa upande wetu. Huyu baba amewarudisha wote nyumbani."

"Nikamwambie?" Grisi akauliza.

"Ukimwambia nakuchoma na pasi."

Ijumaa walifika nusu saa kabla ya kazi, wakajazana nyuma ya meza za pasi, na kesi ikasikilizwa. Maana kujua kwamba Msimamizi ni mtu mwema hakukuondoa hatari. Mwalimu wa kitabuni naye pengine alikuwa mtu mwema. Hoja ilikuwa sheria. Babu Zipu ndiye aliyeongoza, kitabu mapajani.

"Kitabuni, mtoto anapotea lini?"

"Akiitika," wakasema.

"Uongo. Akiitika baada ya nini?"

"Baada ya kuitwa."

"Haya. Nitajieni mtoto mmoja aliyesema yupo kabla hajaitwa, akapotea."

Wakapekua kurasa zote, mtoto kwa mtoto, wote arobaini na mmoja. Hakuna. Kola akauliza, na akishakuita baadaye je? Babu Zipu akasema hapo unanyamaza, ulishajibu, deni la nini tena? Mama Pacha akataka kura ipigwe. Ikapigwa. Thelathini na watatu wakakubali, Grisi akasema atakubali endapo chakula chake kitafungiwa kabatini.

Meneja akaingia saa moja na nusu, fomu mkononi, na nyuma yake shemeji wa soksi na filimbi yake, amekuja kushuhudia tu, kama alivyosema. Shemeji akabaki nje kizingitini, maana asiye wa idara haruhusiwi ndani wakati wa hesabu.

"Siku tatu," akasema Meneja akifungua daftari. "Mmoja. Sifuri. Sifuri. Na mimi naona watu hapa."

"Wapo, Meneja."

"Naona wapo. Lakini mimi macho yangu hayaendi makao makuu, linakwenda daftari. Haya, ita."

Msimamizi akasimama mbele ya idara yake, kalamu tayari. Hakuita. Akawatazama tu, mmoja mmoja, kama mwalimu yule wa ukurasa wa kwanza.

"Umesahau majina?" akauliza Meneja.

Nje, filimbi ikaguna.

"Nipo!" akasema Kola, sauti imempanda kama ya mvulana anayebaleghe. Akajishika mkono, akajishika shavu. Yupo.

"Kola," akasema Msimamizi, akatia alama.

"Nipo!" Mama Pacha, amefumba macho.

"Nipo," Babu Zipu.

"Nipo na chakula changu kipo," Grisi.

Wakaitika kama mvua inavyoanza juu ya bati, tone, tone, halafu yote. Msimamizi akawa anakimbizana nao kwa kalamu. Yule wa shinikizo la damu aliitika mara mbili kwa usalama, akahesabiwa moja. Thelathini na wanne. Msimamizi akachora mstari chini.

Meneja hakufurahi wala hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa shati lenye mikono mitatu.

"Kwa nini wanajibu kabla ya kuitwa?"

"Ni utaratibu mpya, Meneja."

"Sijawahi kuona. Hebu mwite yule," akamwonyesha mmoja wa wale wanawake wa vifungo. "Mwite kwanza, ajibu, kama watu."

Mwanamke akawa mweupe kama kitambaa cha mashati. Kukataa amri ya Meneja, siku ya fomu, shemeji mlangoni! Msimamizi alijua angeweza kulimaliza jambo kwa neno moja tu. Akamtazama yule mama, akaona machozi yanakuja, na hakujua anaogopa nini, lakini alijua amri ile ndiyo iliyoyaleta.

"Siwezi, Meneja."

"Huwezi?"

"Barua yako inasema mtu hahesabiwi mpaka aseme yupo. Sasa mtu ambaye hajasema yupo, mimi namwita nani? Nikianza kuita watu kabla sijajua wapo, kesho nitaliita koti."

Meneja akasoma barua ndani ya jalada. Ilikuwa na sahihi yake mwenyewe. Akaisoma tena, akitafuta pa kutokea, hakupaona.

"Sawa," akasema. "Tumalize."

"Bado mmoja," akasema Msimamizi. "Barua inasema kila aliyemo chumbani wakati wa hesabu."

Akamngojea Meneja aseme yupo. Meneja hakusema. Msimamizi akangoja tena, kwa heshima. Mwishowe, mazoea ya miaka kumi na tisa yakamponyoka.

"Meneja?"

"Nipo, nipo! Hunioni?"

Mama Pacha akapiga yowe.

Ameitwa. Ameitika. Mara mbili. Na fomu haijasainiwa!

"Asaini!" Kola akapaza sauti, akiruka juu ya meza. "Asaini kabla hajaondoka!"

Idara nzima ikanyanyuka. Mmoja akasukuma kiti chini ya Meneja, mwingine akaleta kalamu, wa tatu akaleta kalamu nyingine endapo ya kwanza ingegoma. Grisi akamshika kiuno kutoka nyuma, kwa mikono miwili, kama anavyoshika pampu. Babu Zipu akashika mkono wa kushoto wa koti. Mama Pasi akakunjua fomu akainyoosha kwa kiganja.

"Hapa, baba. 'Idara ibaki.' Tia hapa. Upesi, bado unaonekana."

"Jamani mna nini?"

"Saini kwanza, utauliza ukipata nafasi!"

Meneja akasaini. Akasaini mara tatu, sehemu mbili zisizohitaji saini. Mama Pasi akainyakua karatasi, akaipiga pasi, akampa Msimamizi. Shemeji wa soksi alitazama kutoka kizingitini, akaivua filimbi, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Meneja akataka kusimama. Hakuweza.

"Niachie, mzee," akamwambia Babu Zipu.

"Nikuachie, mwanangu, uende wapi?" Babu Zipu machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Una watoto?"

"Ninao wawili."

"Eh, Mungu wangu."

Msimamizi alisimama na fomu yake ya moto mikononi, akiwatazama watu wake thelathini na wanne wakimng'ang'ania Meneja kama ndugu anayepanda meli. Tangu azaliwe hakuwahi kuona wafanyakazi wakimpenda bosi kiasi hicho. Akafikiri labda na wao, hatimaye, kitabu kimewagusa.

"Mwacheni aende," akasema kwa upole. "Wako wengine wanamsubiri."

Wakamwachia wote kwa mara moja, wakarudi nyuma hatua mbili, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni Meneja akiokota kifungo chake sakafuni.